Mahali pa Isimaeri

Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo wasemavyo. Basi siku ile kwenye uwanja wa mpira wa shule, chini ya mlima wa Manga, watu walikuwa tele, wazee kwa vijana, na neno likaharibika mbele yao mchana kweupe. Hakuna aliyefungua kinywa kuliokoa.

Serikali ilikuwa imefika kupima mashamba. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Afisa wa ardhi alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye miwani na Kiswahili kilichonyooka. Kwa kuwa hakujua Ekegusii hata salamu, kijana mmoja aitwaye Onchiri alisimama kando ya meza yake kumfasiria. Wazee wa kamati walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamewafika kifuani.

Esnah alipoitwa alisimama na binti yake Bosibori akiwa mgongoni. Mumewe, Ishmael, alikuwa amezikwa msimu uliopita tu. Sasa Ratemo, mdogo wa marehemu, alitaka shamba la ndugu yake liandikwe kwa jina lake, naye mjane arudi kwao na mtoto wake wa kike. Hilo ndilo lililomleta uwanjani. Akishindwa, hana pa kulala.

"Sema kwa lugha yako, mama, huyu atanieleza," afisa alisema.

Esnah alimtazama Onchiri. Jana yake alimwona akitoka kwa Ratemo akijipangusa mafuta mdomoni. Kuku aliyeliwa pale hakuwa wa bure, hata mtoto angejua. Basi akaona ni heri aseme mwenyewe, kwa Kiswahili cha darasa la pili na cha sokoni. Njia nzima alikuwa amekariri sentensi moja.

"Bwana afisa," akasema, "bwana yangu arikufa. Mimi naomba mahari yangu."

Alikusudia mahali. Lakini ulimi wa Mgusii haukuzaliwa na herufi l, umezaliwa na r na utazikwa na r. Laiti angesema "pangu", afisa angeelewa. Lakini sisi wa bara mambo ya pangu na mwangu tumewaachia wenyewe. Kwetu kila kitu ni yangu.

"Mahari?" Afisa alishangaa. "Mahari unamdai nani, mama?"

"Wewe. Serikari. Naomba mahari yangu!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha kumi. Esnah hakujua wanachekea nini. Akalirudia neno kwa sauti, akidhani hakusikika, na kila aliporudia kicheko kilipanda.

Ratemo akasimama. Alikuwa amevaa koti, na jua lote lile. Akasema kwa Ekegusii, polepole, kwa huzuni ya kununua, na Onchiri akafasiri: "Anasema, bwana afisa, umesikia kwa masikio yako. Shemeji yake amechoka na ujane. Anataka kutolewa mahari tena, maana yake anataka mume mwingine. Ukoo haumzuii. Aende kwa amani, na shamba la marehemu libaki kwa ndugu wa marehemu."

Kila mtu pale alijua Esnah alikusudia nini, kwa sababu kila mtu pale hulitamka vile vile. Mzee Nyamweya wa kamati alijua. Walimu wa shule walijua. Onchiri ndiye aliyejua zaidi, maana yeye shule ilikuwa imemnyoosha ulimi. Lakini Ratemo alikuwa na shamba kubwa la pareto, na mwenye pareto hakosi marafiki.

Afisa alimwambia karani wake aandike kwamba mjane anadai mahari. "Shauri hili nitalifunga nikirudi, wimbi likishavunwa," alisema. "Mwenye pingamizi aje siku hiyo. Anayefuata!"

*

Habari mbaya haina haja ya viatu. Esnah alipofika nyumbani, mama mkwe wake, Nyamoita, alikuwa tayari ameketi mlangoni pa kibanda chake, akiwa ameugeukia ukuta.

"Mama, sikusema hivyo," Esnah akamwambia kwa lugha yao.

"Ulisema. Uwanja mzima ulisikia."

"Niliomba mahali pa kukaa. Yule mtu wa pwani hakunielewa."

"Sijui Kiswahili, na sitaki kukijua," bibi alisema. "Ninachojua ni kwamba mwanamke akisimama mbele ya watu akataja mahari, na mumewe hajamaliza mwaka chini, amemwacha. Na aliye chini husikia. Umemwacha mwanangu mbele ya watu, Esnah."

Jioni hiyo alipopelekewa ugali wa wimbi katika kikapu chake, bibi alikirudisha bila kukifunua. Hakuwahi kufanya hivyo, hata siku ya mazishi. Esnah alikaa na kile kikapu mapajani mpaka ugali ukapoa, akaona aibu kubwa kuliko ile ya uwanjani.

Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa mlango, mahali pa mwenye nyumba, udongo wake bado una nyufa. Pareto ya Ratemo ilikuwa imekuja ikija, mstari kwa mstari, hadi maua yake meupe yakawa yanagusa ukingo wa kaburi. Na kando ya mlango lilikuwepo jiwe la kunolea, alilolileta Ishmael mwenyewe kutoka mtoni. Kila alfajiri alikuwa akinolea jembe lake pale. Kwaru, kwaru, kisha kikohozi kifupi, kisha hatua zinazoondoka.

Alfajiri ya pili baada ya baraza, Esnah alilisikia jiwe.

Kwaru. Kwaru.

Alikuwa macho, mtoto ananyonya. Hakusikia kikohozi wala hatua, jiwe tu. Alipopata ujasiri wa kufungua mlango, kulikuwa na ukungu na kaburi na pareto iliyolowa umande. Akaligusa lile jiwe. Lilikuwa baridi. Akamwogopa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, na hilo ndilo lililomwumiza kuliko kumwogopa kwenyewe.

*

Sokoni Keumbu walikuwa wamekwisha kumpa jina. "Mama Mahari!" muuza chumvi mmoja akaita. "Ng'ombe wamefika?" Wanawake waliokuwa wakinunua ndizi zake juma lililopita waliinamisha vichwa wakicheka ndani ya kanga zao. Esnah alitua mkungu wake, akaingia katika duka lililokuwa karibu ili watu wasimwone akilia.

Lilikuwa duka la Ratilal. Ratilal mwenyewe alikuwa akihesabu mabati uani. Barazani aliketi mkewe Chandrakala, kwenye cherehani, na sokoni kote walimwita Mama Bipin. Bipin alikuwa mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa homa akiwa darasa la tano. Watu waliendelea kumwita hivyo na yeye aliendelea kuitika.

"Wewe nalia nini, mama?" akauliza. "Mtoto gonjwa?"

"Hapana, Mama Bipin. Ni urimi yangu."

Akamweleza yote. Chandrakala alisikiliza bila kucheka, mguu wake ukiwa umesimama juu ya kanyagio. Kisha akasema, "Mahali. Mahari."

"Ndiyo," Esnah alisema. "Hiyo."

"Hapana hiyo. Mimi nasema mbili. Mahali. Mahari. Wewe hapana sikia?"

Esnah alitega sikio. Akamwomba arudie, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Masikioni mwake lilikuwa neno lile lile, limesemwa mara mbili. Siku zote alidhani ni ulimi wake tu uliokosea. Kumbe hata sikio halikuwepo. Angewezaje kulirekebisha asilolisikia?

"Utakufa nayo hii," alijiambia.

Chandrakala alikuwa na kitambaa cheupe mkononi, cha kutundika ukutani, na juu yake ametarizi kwa uzi mwekundu neno KARIBU. Alichukua chaki ya fundi, akachora herufi mbili juu ya kipande cha nguo ya marekani.

"Hii nasimama, nakaa chini. L. Hii iko tumbo, iko mguu natoka. R. Tazama sindano." Akakanyaga, cherehani ikaunguruma. "R. Sindano natetemeka. Ulimi yako natetemeka, rrr." Akaachia mguu. Sindano ikasimama ndani ya kitambaa. "L. Sindano nashika nguo, hapana tetemeka. Ulimi nashika juu hapa, nyuma ya meno. Weka. Usiachie."

Esnah akaweka ulimi nyuma ya meno, macho yamemtoka. "Ma-ha-... ri."

"Umeachia."

"Ma-ha-... di."

"Sasa hiyo nini!" Chandrakala akacheka, na Esnah naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko kilimshtua. Aliangalia nyuma upesi, kana kwamba yuko mtu wa kumkemea.

Wakapatana. Kila siku ya soko Esnah angekuja kumkunjia pindo za foronya na mashuka, naye angefundishwa herufi. Kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu Chandrakala alikuwa akimaliza vitambaa vyote vilivyobaki.

"Sisi nafunga duka," alisema. "Leseni nanyimwa. Mzee yangu iko karatasi ya Mwingereza, basi naambiwa nenda kwa Mwingereza. Mimi nazaliwa Kisumu. Hapana jua huko, baridi tu nasikia." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Wewe iko bahati, mama. Mtu yako iko chini hapo, karibu na mlango. Bipin nilichoma, nikamwaga majivu kwa ziwa. Nikienda, nani nabaki na yeye?"

Kwa kina Esnah mtu hachomwi. Lakini alimtazama yule mama akitazama barabara kila baiskeli ilipopita, kana kwamba ni Bipin anarudi, na akaona kwamba kila mtu ana jiwe lake linalonolewa alfajiri.

*

Wimbi likakomaa, na Esnah akawa kichekesho cha mlima. Alipalilia akisema la la la, alichota maji akisema ra ra ra. Aligundua maneno yaliyokuwa yakimcheza shere maisha yake yote: kula na kura, kalamu na karamu. Alijifunza kwanza kwa kidole. Alipotarizi L alihisi sindano ikishuka na kukaa, alipotarizi R aliihisi ikizunguka tumbo na kutoroka kwa mguu. Mkono ulijua kabla ya sikio. Siku moja akiwa barazani kwa Ratilal, mpita njia Mluo aliuliza "mahali pa posta", na Esnah akaacha sindano hewani. Alikuwa amesikia. Lilikuwa neno tofauti kabisa, na si la mahari hata kidogo!

"Nimesikia, Mama Bipin!" alipiga kelele. "Nimesikia!"

"Basi umepona," Chandrakala alisema, akampa kipande cha marekani kikubwa na nyuzi za rangi zilizobaki makoponi.

Katika kitambaa hicho Esnah alianza kushona mahali pao. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba ulimi unaweza kumkana siku ya siku, ulimi hauna mfupa, lakini kilichoshonwa kimeshonwa. Akaweka nyumba kwa uzi wa kahawia, na mlango wake. Akaweka mto chini kwa uzi wa buluu, na mti wa omotembe wa mpakani kwa maua yake mekundu. Pareto aliiweka pale ilipopaswa kuishia, si pale ilipofika. Kulia kwa mlango akaweka kaburi, kwa uzi mweusi. Alipokuwa akilishona kaburi alijichoma, tone la damu likaingia kitambaani. Hakulifua.

Jiwe lilizidi kusikika. Si kila alfajiri, bali zile alizokuwa amekwisha kulisahau. Kwaru, kwaru. "Nangoja siku ya baraza," alimwambia aliyekuwa nje. "Nitalisema vizuri. Usinikasirikie bado."

Nyamoita alivumilia, akashindwa. Asubuhi moja alimjia mkwewe uani, fimbo mkononi. "Unazungumza na nani, wewe? La la la, ra ra ra, kando ya kaburi la mwanangu. Unamloga?"

"Ninajifunza kumwombea mahali, mama."

Akamtandikia kile kitambaa chini, juani. Bibi aliinama. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo alisoma kwa vidole. Alipapasa mto, akapapasa omotembe, akaitaja mimea kwa majina. Alipofika kwenye uzi mweusi kidole chake kilisimama.

"Huyu ni Isimaeri," alisema.

"Ndiye."

Kidole kikakaa pale muda mrefu. Bosibori akatambaa, akakalia mto.

"Na mimi niko wapi?" bibi akauliza mwishowe. "Umeweka hata mti. Kibanda changu kiko wapi? Au mimi nimekwisha kufa?"

Esnah akatafuta uzi wa kahawia. Siku hiyo bibi hakula kwake bado, lakini alikaa hapo hapo mpaka kibanda kikamalizika, akilalamika kwamba paa limepinda.

Siku ya mwisho ya soko kabla ya baraza, duka la Ratilal lilikuwa nusu tupu. Chandrakala alikikagua kitambaa kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akamchorea kwa chaki maneno ya juu: MAHALI PA ISHMAEL.

"Iko nafasi hapa," kisha akasema, akionyesha kona ya chini, karibu na mto. "Mto hii nakwenda ziwani?"

"Mito yote ya huku inakwenda ziwani."

"Basi weka Bipin. Ndogo tu. Mtu asijue."

Esnah akalishona jina hilo pale pale barazani, kwa uzi mwekundu wa KARIBU. Siku iliyofuata lori lilikuja kuwachukua Ratilal na mkewe.

*

Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Watu walikuwa wamekuja kumsikia Mama Mahari, kama waendavyo kwenye michezo. Nyamoita naye alikuja, akiegemea fimbo, akakaa mbali na kila mtu.

Jina lilipoitwa, Esnah alitandaza kitambaa juu ya meza, juu ya karatasi zote za serikali. Karani alitaka kukiondoa, afisa akamzuia.

"Bwana afisa," Esnah akaanza, "siku ire..." Akanyamaza. Kicheko kilianza kujikohoza nyuma. Aliiwaza sindano, akauinua ulimi nyuma ya meno na kuushika hapo. "Siku ile nilisema vibaya. Sitaki mahari. Mahari yangu ililipwa zamani na mume wangu. Ninaomba mahali. Mahali pangu, mahali pa mume wangu, Ishmael. Ni hapa."

Hata Onchiri alikuwa amemkodolea macho.

Afisa alishusha miwani puani, akatazama kitambaa, kisha jalada lake. "Hapa imeandikwa mahari," alisema. "Mwezi wa mavuno haujaisha, mama, na umebadilisha dai. Nitajuaje kwamba hukufundishwa la kusema?"

"Nirifun... nilifundishwa," Esnah alisema. "Nilifundishwa kutamka."

Ratemo alikwisha kusimama, akaanza kwa Ekegusii, Onchiri akakaa tayari kufasiri. Esnah akainua mkono. "Bwana afisa, mimi mjinga nimesema bila mkalimani. Shemeji yangu ni mtu aliyesafiri. Na yeye aseme mwenyewe."

Watu wakaguna kwa raha. Ratemo alitabasamu, akafunga vifungo vya koti. Aliwahi kuwa nyapara kwa mlowezi kule Nyansiongo, na hakuna aliyemjua ambaye hakuwa ameambiwa hivyo.

"Mimi siogopi Kiswahiri," alisema. "Nimekisema na Wazungu kabra huyu hajaorewa. Huyu mama ni mwongo. Ariomba mahari, mrisikia wote."

"Shemeji," Esnah akasema kwa adabu, macho chini, kama ipasavyo, "mwambie basi afisa. Ndugu yako Ishmael amelala mahali gani?"

"Si anajua kira mtu? Amerara mahari yake!"

Afisa aliinua kichwa. "Amelala wapi?"

"Mahari yake! Kando ya mrango!" Ratemo alikasirika kuona haeleweki, jinsi walivyokasirika mabwana zake wa zamani. Akaja mezani, akapiga kidole juu ya ule uzi mweusi. "Mahari ni hii! Hapa! Mahari ya ndugu yangu ni hapa!"

Aliposikia kimya kilichofuata, alikitoa kidole. Lakini alikuwa amechelewa.

Afisa alivua miwani. Akamgeukia mzee Nyamweya wa kamati. "Mzee wangu, na wewe unaishi mahali gani?"

Nyamweya alitazama miguu yake, akatazama mlima. "Mahari yangu..." akasema kwa unyonge, "ni kure juu."

Hapo uwanja ulilipuka. Walicheka waliokuwa wamemcheka Esnah, walicheka na walimu, alicheka hata muuza chumvi aliyefuata umbea kutoka Keumbu. Ratemo peke yake ndiye hakucheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini afisa hakuwa na furaha. "Kumbe mlijua," aliwaambia wazee. "Siku ile nyote mlijua."

"Hatukuulizwa," Nyamweya alisema.

Afisa alimwambia karani afute neno na kuandika jingine, na wapimaji kesho waanzie kwenye kaburi, waende hadi kwenye omotembe. Alipokuwa akikikunja kitambaa kumrudishia, aliona kona ya chini. "Na huyu Bipin ni nani? Ni mrithi?"

"Hapana, bwana afisa. Ni mtoto wa watu, hana mahali," Esnah alisema. "Nimempa hapo."

Afisa alitaka kuuliza zaidi, kisha akaita anayefuata.

*

Jioni jua lilikuwa bado juu ya ukingo wa Manga. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Esnah alipika ugali wa wimbi na mboga, akampelekea Nyamoita kikapu chake, akakiweka miguuni pake na kungoja. Bibi alikifunua. Akamega, akala kimya, akitafuna kwa upande wenye meno.

Esnah alitoka nje, akasimama kando ya kaburi. Alikuwa ameiweka zawadi hii hadi mwisho. Miaka yote alimwita mumewe kwa ulimi wa nyumbani. Leo angemwita sawasawa, kama lilivyoandikwa jina lake kanisani na sasa serikalini. Akauinua ulimi, akaushika nyuma ya meno.

"Ishmael," akasema.

Upepo ulipita kwenye pareto.

"Ishmael. Tumepata mahali. Mahali petu."

Kimya. Si kimya cha mtu anayesikiliza, kimya cha mahali pasipo na mtu. Aliwaza kwamba mumewe amekwenda kweli, kwamba ameshinda kila kitu na kumkosa yeye. Akaanza kulia, na alijishangaa kwamba analililia lile jiwe lililomtisha.

Nyamoita alikuwa amekuja nyuma yake, ugali bado mkononi. "Unamwita nani?" akauliza.

"Mume wangu. Kwa jina lake la kwenye karatasi."

"Huyo hatumjui hapa," bibi alisema. "Huyo ni wa serikali. Mwite wetu."

Esnah akaachia ulimi. Ulirudi ulikozoea.

"Isimaeri," akaita.

Kando ya mlango, pasipo mtu, jiwe likalia. Kwaru. Kisha kikohozi kifupi, kisha hatua zinazoteremka polepole kuelekea mtoni, kama mtu anayekwenda shambani kwake.

Wanawake wale wawili walisikiliza mpaka hatua zikaisha. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kama amesikia. Nyamoita akamega ugali uliobaki mkononi, akampa mkwewe nusu.